Vilango Ndani ya Soketi: Ulinzi wa Mtoto Tunaoufungua kwa Kalamu

Washa tochi umulike matundu ya soketi ya ukutani, ile ya pini tatu bapa inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda. Tundu la juu, lililosimama wima, liko wazi. Yale mawili ya chini, yaliyolala, yamezibwa kwa ndani na kipande cha plastiki. Nitakiita kipande hicho kilango. Kimewekwa pale kwa ajili ya mtoto ambaye bado haelewi maana ya kukatazwa, na kinafanya kazi yake mchana na usiku bila mtu yeyote kukumbuka kukifunga. Hata hivyo, katika nyumba nyingi tunakifungua kila siku kwa ncha ya kalamu, mbele ya macho ya mtoto huyo huyo.

Soketi za sebuleni na chumbani kwa kawaida hufungwa chini, karibu na sakafu, usawa wa uso wa mtoto anayetambaa. Mtoto wa umri huo huchunguza dunia kwa vidole na kwa chochote alichookota: msumari, pini ya nywele, ufunguo, kipande cha waya. Tundu limemwita, naye anataka kujua lina nini ndani.

Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230 hadi 240. Mwili uliolowa jasho au maji hauna ukinzani mkubwa. Tukiukadiria kuwa omu 1,000, volti 230 zitasukuma mkondo wa miliampea 230. Miliampea 10 tu zinaweza kukaza misuli ya mkono hata mtu mzima akashindwa kuachia alichoshika. Zikizidi 30 hivi na zikaendelea kupita kifuani, moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, viganja vyake mara nyingi vina unyevu, na yuko pekupeku juu ya sakafu ya saruji ambayo pengine imetoka kupigwa deki. Kwake tundu moja linatosha. Akichomeka msumari upande wa waya wa moto, umeme utapita mkononi, kiwiliwilini na miguuni hadi ardhini. Akiingiza waya uliopindwa katika matundu yote mawili, shoti itatokea ndani ya kiganja chake, na cheche zake zina joto la kuunguza nyama hadi ndani.

Waingereza walilitafakari jambo hili katikati ya Vita Kuu ya Pili. Nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa kwa mabomu, na ilieleweka kwamba vita vikiisha zitajengwa upya kwa wingi. Kamati ya wataalamu ikapewa kazi ya kupanga mfumo wa umeme wa nyumba hizo, na ripoti yake ikatoka mwaka 1944. Mwanamke alikuwa mmoja tu katika kamati ile, Caroline Haslett, mhandisi aliyekuwa akikiongoza chama cha wanawake wa Uingereza kilichoshughulikia umeme wa majumbani. Wataalamu wengi wa wakati ule waliufahamu umeme wa viwandani na wa mitamboni. Haslett aliufahamu umeme wa jikoni na wa chumba alalamo mtoto. Ripoti ilisisitiza kwamba, kwa usalama wa watoto wadogo, sehemu za soketi zenye umeme zizibwe kwa vilango au kwa njia nyingine ya namna hiyo. Mwaka 1947 kikatoka kiwango cha BS 1363, ambacho ndicho kilichozaa soketi na plagi tunazozitumia hadi leo.

Kwa ndani ni kifaa rahisi cha kustaajabisha. Chukua soketi nzima iliyong'olewa ukutani, haina waya wowote, uifungue mezani. Nyuma ya uso wake utakuta kipande cha plastiki chenye mabawa mawili, kila bawa likiwa limeziba tundu moja la chini. Katikati kina mteremko uliokaa nyuma ya tundu la juu, na springi ndogo inakisukuma kibaki mahali pake. Sasa ingiza plagi polepole. Pini ya juu, ya ethi, ni ndefu kuliko zile mbili kwa milimita 5 hivi, kwa hiyo inatangulia. Inaukanyaga ule mteremko, kipande kinateleza, mabawa yanaondoka kwenye matundu, na pini za waya wa moto na nyutro zinapata njia. Ukichomoa plagi, springi inarudisha kila kitu na utasikia mlio mdogo wa plastiki. Wapo watengenezaji waliokwenda mbele zaidi: kilango chao hakifunguki mpaka pini mbili, au zote tatu, zikisukume kwa pamoja. Kwa maoni yangu hizo ndizo za kununua, na sababu utaiona punde.

Kanuni za Uingereza za ufungaji umeme, BS 7671, zinataka kila soketi ya matumizi ya nyumbani iwe na vilango. Nchi zetu zilirithi plagi ile ile, na mafundi wengi walifundishwa kwa kanuni zilizotoka huko. Kwa hiyo mtu anayejenga Dodoma au Nakuru, akinunua soketi halisi ya kiwango hicho, ulinzi wa mtoto umo ndani ya bei. Hahitaji kuongeza kitu.

Marekani ilichelewa. Kanuni za umeme za huko huandikwa na shirika la National Fire Protection Association, hupitiwa upya kila baada ya miaka mitatu, na huwa sheria pale jimbo au mji unapozipitisha. Kwa miaka mingi wazazi wa kule walitegemea vifuniko vya plastiki vya kuchomeka kwenye soketi tupu. Huku hospitali zilikuwa zikipokea watoto walioumia. Hesabu za shirika la serikali la usalama wa bidhaa zilionyesha takriban watoto 2,400 kila mwaka wakitibiwa kwa shoti na kuungua baada ya kuingiza vitu kwenye soketi. Vifuniko vina udhaifu wa wazi: mama anakitoa ili apige pasi, simu inaita, na kifuniko kinabaki juu ya meza. Watoto wenyewe nao hujifunza kuving'oa. Toleo la mwaka 2008 la kanuni hizo ndilo lililoamua kwamba soketi za volti 125, za ampea 15 na 20, katika nyumba mpya za kuishi ziwe na vilango vya ndani.

Soketi za Marekani zina namna yake ya kufanya kazi. Kila tundu lina kilango chenye springi, na vyote viwili havipishi kitu mpaka visukumwe kwa wakati mmoja, kama plagi inavyofanya. Msumari mmoja katika tundu moja hugonga plastiki ukaishia hapo. Ndugu zetu waliohamia Minnesota au Ohio wataitambua soketi hiyo kwa herufi TR zilizochorwa usoni pake, ndogo sana, huenda ukahitaji tochi kuziona.

Kanuni yenyewe ina busara ya kukubali kwamba si kila soketi inafikiwa na mtoto. Iliyo juu zaidi ya mita 1.7 kutoka sakafuni imesamehewa. Vivyo hivyo iliyo sehemu ya taa, na iliyo nyuma ya kifaa kizito kama jokofu, mahali palipotengwa kwa ajili ya kifaa hicho. Matoleo yaliyofuata yalipanua wigo hadi vyumba vya wageni hotelini, vituo vya kulelea watoto, shule za awali na za msingi, na sehemu za kusubiri katika zahanati, kwa kuwa mtoto huenda popote mzazi anapokwenda. Lakini sharti ninalolithamini kuliko yote liliingia mwaka 2011: soketi ya zamani ikiharibika mahali ambapo kanuni inataka vilango, inayowekwa badala yake lazima iwe na vilango. Kwa sharti hilo nyumba ya zamani inapata usalama soketi moja baada ya nyingine, kadiri vifaa vinavyochakaa, bila mwenye nyumba kulazimishwa kuvunja kuta. Baadhi ya wajenzi walipinga kanuni ya vilango kwa sababu ya gharama, na watumiaji wakalalamika kwamba plagi zinaingia kwa shida. Malalamiko ya pili yana ukweli, hasa soketi ikiwa mpya au pini za plagi zikiwa zimepinda. Dawa yake ni kuingiza plagi ikiwa imenyooka, bila kuiyumbisha.

Tunarudi nyumbani. Kwetu kilango kimo ndani ya soketi, ila vifaa vingi tunavyonunua vinakuja na plagi ya pini mbili za mviringo ya Ulaya: chaja za simu, redio, mashine za kunyolea, wakati mwingine hata pasi na birika. Plagi hiyo haina pini ya ethi ya kutangulia, kwa hiyo vilango havifunguki. Nimeingia nyumba nyingi kwa kazi yangu, na karibu kila mahali suluhisho ni lile lile. Mtu anachukua kalamu, njiti au ufunguo, anasukuma tundu la juu, vilango vinashuka, kisha anasindilia pini mbili chini. Linafanywa haraka, kwa mkono uliozoea, na hakuna anayeliona kuwa ni kosa.

Jambo la kwanza linaloharibika ni mguso. Vishikio vya shaba ndani ya soketi vimetengenezwa kwa pini bapa, na umbali wa kati ya pini mbili ni milimita 22. Pini za chaja ya Ulaya ni za mviringo, unene wa milimita 4, na kati yake ni milimita 19 hivi. Zinaingia kwa kupinda, na zinagusa kwa sehemu ndogo tu. Mguso mdogo hutoa joto, joto hulegeza shaba, na shaba iliyolegea hugusa kwa shida zaidi. Ukiona uso wa soketi umekuwa rangi ya kahawia kuzunguka matundu, mchakato huo umeshafika mbali. Plagi nene za Ulaya, zile za pasi na birika, ni mbaya kuliko za chaja. Pini zake zina unene wa milimita 4.8 na huvipanua vishikio kabisa, na ethi yake iliyo pembeni mwa plagi haigusi chochote katika soketi yetu. Kwa maneno mengine, unapiga pasi yenye bati chini isiyo na ethi.

La pili ni fyuzi. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani yake, kwa kawaida ya ampea 3 au 13 kulingana na kifaa, kwa sababu saketi ya soketi ukutani inaweza kulindwa na breka ya hadi ampea 32. Waya mwembamba wa redio hauwezi kubeba mkondo wa namna hiyo. Ukichomeka plagi ya pini mbili moja kwa moja, fyuzi hiyo imerukwa. Waya ukipata hitilafu unaweza kuwaka moto kabla breka haijashtuka.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Mtoto wa miaka miwili au mitatu amekaa mkekani anamtazama kaka yake. Ameona kwamba ukuta una tundu, tundu linasukumwa kwa kalamu, na baada ya hapo matundu mengine yanakubali kupokea kitu. Kesho yake atakuwa na kijiti mkono mmoja na waya mkono wa pili. Mhandisi aliyebuni kilango aliwaza mtoto mwenye msumari mmoja anayechunguza bila mpango. Hakuwaza mtoto aliyeonyeshwa hatua zote na watu anaowaamini. Hapa ndipo soketi inayodai pini zote tatu kwa pamoja inapolipa gharama yake, kwani kalamu peke yake haiifungui.

Dawa yake inapatikana madukani. Kipo kibadilisha plagi kinachoimeza plagi ya pini mbili na kufungwa kwa skrubu, chenye fyuzi ndani na pini tatu kamili nje, na kinafaa kwa chaja na redio ambazo hazihitaji ethi. Kifaa chenye mwili wa bati, kama pasi au birika, kikatwe plagi yake na fundi akifungie plagi ya pini tatu, mradi waya wenyewe una nyaya tatu ndani. Chaja ya simu ni rahisi zaidi: nunua kichwa cha pini tatu.

Kuna adui mwingine wa kilango, nao ni ule waya wa ekstensheni wenye matundu mapana yanayokubali plagi ya nchi yoyote. Watu huupenda kwa sababu unawaondolea usumbufu wa kalamu. Tazama ndani ya matundu yake kwa tochi. Katika ekstensheni nyingi za namna hii utaona shaba inang'aa, hakuna kilichoziba. Tundu likishakuwa pana la kupokea kila pini, linapokea pia kidole kidogo, kijiko na ufunguo. Na tofauti na soketi ya ukutani, ekstensheni hulala sakafuni, nyuma ya kochi, mahali mtoto anapochezea. Unaweza kuwa na soketi bora za ukutani nyumba nzima, kisha ekstensheni moja ikauondoa ulinzi wote. Ununue yenye matundu ya kiwango cha BS 1363 na vilango vinavyoonekana, na kama tayari unayo ile pana, itoe nyumbani mapema.

Wazazi wenye tahadhari hununua vile vifuniko vya plastiki vya kuchomeka. Kwa soketi zetu za pini tatu nashauri visitumike. Kifuniko kina pini ya plastiki inayoingia tundu la ethi, maana yake ni kwamba chenyewe kinafungua vilango ili kiingie. Vingi havina vipimo sahihi, vikaharibu vishikio au vikalegea. Na mtoto akiking'oa na kukigeuza juu chini, pini ile ya plastiki inaweza kuingia tundu la ethi na kuvifungua vilango huku matundu ya chini yakiwa wazi. Mwaka 2016 idara ya afya ya Uingereza ilitoa tahadhari kwa vituo vyake kwamba vifuniko vya namna hii viondolewe. Soketi nzima yenye vilango vyake ni salama kuliko soketi iliyowekewa kifuniko.

Wengine husema: mimi nazima swichi ya soketi. Ni desturi njema, iendelee, ila isichukuliwe kuwa ukuta. Mtoto anayefikia tundu anafikia swichi pia, na kubonyeza swichi ni mchezo anaoupenda. Zaidi ya hayo, fundi akiwa amekosea akabadilisha nafasi ya waya wa moto na nyutro, swichi inayokata waya mmoja tu itakata nyutro na waya wa moto utabaki hai ndani ya tundu huku wewe ukiamini umezima. Kosa hilo halionekani kwa macho wala kwa taa kuwaka. Linajulikana kwa kipimo tu.

Kwa wasomaji wa Bujumbura, Bukavu na Goma, ambako plagi za mviringo za Ulaya ndizo za kawaida, hali iko kinyume kidogo. Plagi inaingia soketi yake vizuri, lakini kilango hakitokani na umbo la soketi. Zipo zenye vilango na zisizo navyo, zimewekwa rafu moja dukani, zinafanana usoni. Ufaransa inavilazimisha katika nyumba zake. Dukani ni juu yako kutazama ndani ya matundu kabla ya kulipa: ukiona plastiki imeziba, chukua, ukiona weusi mtupu hadi ndani, rudisha.

Tazamo hilo hilo la tochi ndilo ukaguzi wa kwanza wa nyumba yoyote, iwe yako au ya kupanga. Usijaribu kilango kwa msumari au bisibisi. Angalia tu kama plastiki ipo katika matundu yote mawili, kisha ingiza plagi ya pini tatu, uichomoe, utazame kama plastiki imerudi. Ikibaki imeshuka, springi imevunjika na soketi hiyo ni ya kubadilisha hata kama inawasha kila kitu. Zilizowahi kusukumwa kwa kalamu kwa miaka ndizo za kukagua kwanza, nazo utazijua kwa wino uliobaki kwenye mdomo wa tundu la juu.

Fundi akija kubadilisha, azime umeme kwenye swichi kuu, na awe na leseni. Mwombe apime mambo mawili ambayo kilango hakiwezi kuyafanya. La kwanza ni ethi: je, waya wa ethi wa kila soketi umeunganishwa kweli hadi kwenye fimbo iliyochimbiwa nje, au unaishia hewani nyuma ya ukuta? La pili ni kama kwenye ubao wa breka kuna ile yenye kitufe cha majaribio, ambayo mafundi huiita RCD au ELCB. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kwa miliampea 30, maana yake kuna unaopotea njiani, pengine kupitia mwili wa mtu, nayo hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Haitamsaidia mtoto aliyeunganisha matundu mawili kwa waya mmoja, kwa kuwa hapo umeme wote unarudi. Kwa aliyesimama pekupeku na msumari upande wa waya wa moto, inaweza kuokoa maisha. Kibonyeze kitufe chake kila baada ya miezi michache. Isipokata, ibadilishwe siku hiyo hiyo.